Sikumpa Mkasi

Nyumba za Wauguzi, Chumba Na. 6
Tarehe 9 Juni

Mpendwa Mama Mdogo,

Shikamoo. U hali gani huko ulikohamia? Vidole vimetulia, au bado vinakukaza asubuhi hadi ushindwe kufunga vifungo? Na vidonge vya kalsiamu unameza lakini? Usinidanganye, nitamwuliza binamu. Sisi tu wazima. Mama anakohoa kidogo na kulalamika sana, ndiyo dalili ya uzima wake.

Nakuandikia kabla hujasikia kwa wengine: wameniondoa chumba cha upasuaji. Sasa nachemsha na kufunga vyombo vya upasuaji ghorofa ya chini. Usinionee huruma, mimi mwenyewe sijionei.

Ilikuwa hivi. Jumanne tulimpasua mwalimu mmoja mwenye rovu, uvimbe wa shingoni, kama lile lako. Siku hizi hutolewa kwa roboti, kupitia kwapani, shingo isibaki na kovu. Daktari bingwa hukaa pembeni, macho ndani ya mashine, akiendesha mikono ya roboti. Mimi husimama kwa mgonjwa, nikiifungia mikono hiyo vifaa.

Unavijua vile vitezi vinne vya nyuma ya tezi ya shingo, vidogo kama punje ya mchele, vinavyolinda kalsiamu ya damu. Wewe walikukatia vyote wakidhani ni mafuta, ndiyo maana vidole vinakukaza. Sasa tuna kamera yenye mwanga usioonekana kwa macho. Ukiiwasha, vitezi vinang'aa vyenyewe kwenye skrini, bila dawa yoyote.

Siku hiyo bingwa alikuwa na haraka.

"Nifungie mkasi," akasema.

Nilikuwa nimeona kijipande cha manjano kimejibana nyuma ya rovu. "Daktari, tuwashe kamera kwanza."

"Hayo ni mafuta. Kazi hii nimeifanya miaka ishirini."

"Kama ni mafuta hayatang'aa. Washa tuone."

Mtaalamu wa usingizi akainama kama anahesabu vigae. Nilikukumbuka, Mama Mdogo, ukimwaga chai kwa vidole vilivyojikunja, na mkono wangu ukagoma.

Akawasha kwa hasira. Kikang'aa, cheupe pe! Akakitenga taratibu. Hapo ndipo nikafunga mkasi.

Kesho yake akanishtaki kwa utovu wa nidhamu. Kamati ikataka niandike barua ya kuomba radhi. Nikawaambia waiweke mezani picha ya kamera, wanioneshe kosa liko wapi. Hakuna aliyefungua faili. Wakanishusha chini.

Ijumaa nilimwona mwalimu akisubiri kuruhusiwa. Kalsiamu yake imekaa sawasawa. Alikuwa anamsuka bintiye kwenye benchi, vidole vinakwenda mbio. Hanijui, wala sikumwambia.

Nimekata rufaa. Wakinirudisha, mkasi nitauzuia tena. Wasiponirudisha, wauguzi wawili wa chumba cha upasuaji wameapa kwamba hawaufungi kabla kamera haijawaka. Nao wawashushe basi, tuone bingwa atapasua na nani.

Nisalimie binamu na mkewe. Mama anakusalimu sana. Mungu ailegeze mikono yako, akuongezee miaka.

Mwanao akupendaye, asiyejua kunyamaza,
Kidomo