Mama Kapinga Amekula na Watu

Neema mdogo wangu,

Hujambo? Huku Kolwezi mvua haijakatika tangu asubuhi, na viatu vyangu vimekuwa vyekundu kwa udongo.

Leo Mama Kapinga, muuza vitenge wa mtaa wa Manika aliye kwenye utafiti wetu wa wagonjwa wanaokwamwa na chakula, alitualika kwake. Kwa miaka mingi chakula kilimkwama kooni, akawa anakula peke yake jikoni kwa aibu. Majirani walidhani anaringa. Kamera tuliyomshusha kooni ilionyesha umio, njia ya chakula, umevimba, tukamwachisha vyakula kadhaa, kisha tukavirudisha kimoja kimoja. Kwake chanzo kilikuwa maziwa.

Mchana huu alimega bukari, ugali wao, akatia sombe, kisamvu chao, akameza mbele yetu sote.

“Iko inapita, docta,” akaniambia. “Mi niko nakula na bantu.”

Mumewe alimsogezea samaki mkubwa. Mimi nikajifanya nafuta miwani.

Nilikuwaza wewe, unavyosukuma kila tonge kwa maji na kusema ni kawaida yako. Nikirudi tutakwenda hospitali pamoja, nitakushika mkono. Mpaka hapo tafuna taratibu, kipenzi changu.

Dada yako,
Rehema