Mtu wa Kwenye Kadi, Kichwa Chini

Alhamisi, Mbale. Mvua imeanza kabla ya chai ya asubuhi na sasa ni saa tisa mchana, haijakatika.

Jumamosi wanazika mgomba.

Huku kwa kina Baba, mtu akipotea na mwili usionekane, ukoo hukata shina la mgomba, hulivika sanda na kulizika kwa jina lake. Baba alipotea Jinja miezi saba iliyopita. Udongo wa kwanza hutupwa na mtoto wa kwanza, na mtoto wa kwanza ni mimi.

Jana Baba Mdogo alitoka Nakaloke kuja kupanga mambo. Mama, ambaye ni mzaliwa wa Kenya, alimkatalia palepale.

"Mume wangu alitorokea kwetu. Mimi siziki mti."

"Shemeji, kama iko Kenya, barua iko wapi? Hata matusi kidogo ya kukuandikia imemushinda?"

Mama alicheka kidogo, kisha akaenda jikoni na hakurudi.

Mimi nilijifunika uso kwa kitabu. Ndivyo nilivyo, watu wakiongea najificha. Kitabu chenyewe aliniachia mwalimu wetu wa Kiingereza aliporudi kwao Ulaya, na ndani yake alikuwa ameweka kadi ya taroti kuonyesha ukurasa aliofikia. Ni zile kadi ambazo Wazungu hupigia ramli. Hii ina mtu aliyefungwa mguu mmoja, ananing'inia kichwa chini, mikono nyuma. Lakini uso wake umetulia, na kichwa kimezungukwa na mwanga.

Kitabu kinaeleza Wastoa, wanafalsafa wa Ugiriki ya kale. Wao walisema yako mambo yaliyo mikononi mwetu na yasiyo mikononi mwetu. Mwili wako unaweza kukamatwa, mali yako ikachukuliwa. Mawazo yako na uamuzi wako hakuna wa kukunyang'anya.

Kwa hiyo miezi yote hii nimekuwa nikiisoma kadi hivi: huyu ni Baba. Wamemfunga mguu tu. Ndani yuko huru.

Leo nimeitazama tena na nimeona aibu. Nimewatumia Wastoa kama blanketi. Swali lao halimhusu Baba. Linanihusu mimi: siku ile, ni nini kilikuwa mikononi mwangu?

Ulimi wangu.

Mama alikuwa sokoni. Askari watatu waliingia dukani kwetu, mkubwa wao akauliza, "Mzee iko wapi?" Mtoto yeyote wa mtaa wetu angejifanya hasikii Kiswahili; ndiyo lugha ya askari, na Jinja kila mtu anajua kufanya hivyo. Lakini mimi nilianza shule Kisumu, nikafundishwa kumjibu mkubwa kwa adabu. Nikapiga goti kabisa.

"Yuko stoo ya nyuma, afande."

"Unajua Kiswahili muzuri," akaniambia.

Walimtia kwenye buti ya gari. Alinitazama mpaka buti ikafungwa.

Mama aliporudi nilimwambia nimetoka shule nikakuta duka wazi na Baba hayupo. Yeye akajijengea mengine: kwamba aliwaona mapema, akapitia mlango wa nyuma, akavuka mpaka. Tumaini lake lote limesimama juu ya uongo wangu.

Nikinyamaza, Jumamosi nitatupa udongo mbele yake, nikijua nisichomwambia. Nikisema, namuua Baba mara ya pili, na safari hii mbele ya macho ya Mama. Machozi yake hayamo mikononi mwangu. Ukweli umo.

Kwa mdomo sitaweza, najijua.

Mama ameingia kutafuta sufuria ya kukingia maji yanayovuja. Ameuliza, "Unaandika nini siku nzima, mama?" Kila siku mimi hufunga daftari akisogea.

Leo sifungi. Mama, keti hapa kitandani, usome.