Upande wa Pili wa Meza

3 Machi

Mdogo wangu, Bwana Mpingaji,

Natumai kifua kimetulia na unalala vizuri. Mimi sijambo, mgongo tu ndio una maneno yake. Nimepata kazi: ngazi mpya ya zahanati ya macho, kutoka chumba cha upasuaji hadi uani. Mchoro uko kwenye bahasha ya pili, niliyoituma pamoja na barua hii. Mafundi wanaanza tarehe ishirini.

Tangu uondoke nachora peke yangu, na kiti chako kimegeuka pa kuwekea makoti. Hakuna wa kuniambia, "Dada, hapa ulikuwa unasinzia." Utazame, hata kwa dakika moja.

Dada yako

11 Machi

Dada,

Shikamoo. Kifua kinaendelea vizuri. Bahasha nairudisha kama ilivyokuja, sijaifungua.

Shule ya wasichana tuliichora wawili. Kibao cha mlangoni kikaandikwa jina lako tu. Nilipouliza ukasema ni kosa la fundi rangi, atarudi kurekebisha. Mwaka wa pili huu, bado yuko njiani? Basi ngazi hii chora naye.

Mdogo wako

2 Juni

Mdogo wangu,

Sijui nikuulizie afya kwa mdomo gani. Lakini nakuuliza: hujambo?

Ngazi ilianza kutumika mwezi uliopita. Jana mzee mmoja alitoka kupasuliwa, macho yote mawili yamefungwa bendeji. Binti yake alikuwa nyuma, amembebea viatu. Mzee alishuka akipapasa reli ya kushikia. Reli ikaisha, naye akaamini ngazi imeisha, akapiga hatua kama mtu aliye sakafuni.

Amefariki leo asubuhi.

Wakaguzi wanakuja Jumatatu ijayo. Mafundi wanasema walifuata mchoro. Nimeukodolea macho usiku kucha na mimi naona ngazi nzuri tu. Nakutumia tena, bahasha ileile. Niambie ukweli: kosa ni langu au lao? Nakuomba, safari hii ifungue.

Dada yako

6 Juni

Dada yangu,

Shikamoo, na pole. Najua huli. Kula.

Nimeifungua. Niliulaza mchoro mezani kichwa chini, kama nilivyokuwa nikiuona nikikaa mbele yako. Wewe huchora ukishuka, ukifika chini umeshachoka. Mimi, kwa kuwa nilikaa upande wa pili, siku zote nilianzia chini.

Kipandio cha mwisho hakina reli. Uliikatisha ili mlango wa uani upate kufunguka. Mafundi hawana kosa.

Kosa nililiona kabla sijakaa sawasawa kwenye kiti. Mwezi wa tatu ningeliona vilevile.

Ulipoondoa jina langu shuleni niliapa sitalidai tena. Leo nimeliandika mwenyewe kwenye mchoro huu, chini ya lako, kwa wino. Usilifute. Wakaguzi wakija, wape hivyohivyo.

Makoti yatoe kwenye kiti. Nafika Jumapili.

Mdogo wako