Sinema ya Kuonesha Sura Yetu

Jumatatu, tarehe 4/8
Mazoezi ya kucheza dansi asubuhi, kama kila siku. Mimi ni mutu wa bahati, hata wenye wivu banajua. Katika Butembo yote, batu ba sinema bamechagua mimi nikuwe mupenzi. Kijana Mukatoliki wa Butembo na binti Muislamu wa Beni, banapendana kwa kucheza. Haishangaze. Nilishafika Kampala mara mbili, bazungu balinipigia makofi. Binti atakuwa Zaina, muchezaji wa Beni. Akianza kucheza, viatu vyangu vinaona haya.

Jumatano, tarehe 6/8
Beni. Nimeenda kumuomba ruhusa baba ya Zaina, Papa Idi, mwenye malori. Muzee mugumu. Tangu mama ya Zaina auawe shambani, upande wa Mavivi, mutoto hatoke nyumbani. Nikamuapia kama ni mimi nitacheza naye. Akazungusha chai yake mpaka ikapoa. Kisha:
"Kambale, ninakupa weye. Mutu mwingine akishika mukono yake, usirudie hapa."
Nikacheka. Nani atamushika na mimi niko?

Ijumaa, tarehe 8/8
Ndege imeleta babili kutoka Kinshasa. Kijana wa nywele ya rangi, binti mweupe. Swahili, hapana. Kinande, luga yetu, bure kabisa. Ndio batakuwa bapenzi ba sinema. Mukubwa wa sinema anasema dunia itaona sura yetu. Sura yetu, lakini bila sisi.
Nimefundisha yule kijana kutikisa mabega. Mabega kama mulango.
Zaina, mwenye nilileta Butembo, akaniuliza, na sisi? Nikamwambia angoje, iko mpango. Hakuna mpango.

Jumamosi, tarehe 9/8
Leo balitafuta mutu wa kulala kama maiti. Binti wa Kinshasa alikataa matope. Bakasema Zaina. Bakanituma mimi nimuombe.
"Banataka nilale kama mama?"
Nikamwambia ni dakika tano tu, sura yake itaonekana. Nilisema hivyo. Mimi.
Sura yenyewe haikuonekana. Balimufunika kikwembe, kitambaa cha kujifunga, mpaka kichwa. Kwetu mutu mwenye uhai hafunikwe kichwa. Hata mutoto akijifunika hivyo katika usingizi, mama anamufunua mbio.
Balirudilia picha mara ine. Yule kijana alikuwa anasahau maneno. Mara ya kwanza kikwembe kilikuwa kinatetemeka. Mara ya ine hapana.
Akaamuka, akakikunja vizuri, akanipa.
"Utamuambia Papa weye."

Jumatatu, tarehe 11/8
Mvua. Nimemurudisha Beni. Njia yote nilikosa muchezo wa kumuchekesha. Nikamuambia Papa Idi yote. Aliuliza kitu moja tu: mukono yake nani alishika?
"Hakuna mutu, Papa."
Akafunga mulango, pole pole.
Kikwembe kiko hapa juu ya kiti. Sijue nikifue ao nikiache.
Ile niliandika siku ya mwanzo, ni uongo. Habakunichagua kuwa mupenzi. Balinichukua nifundishe yule wa Kinshasa kucheza. Nilijua tangu siku ile.