Glavu Niliyoivua Haneti

Jumanne, Ipagala

Mkono huu nimeuosha mpaka ngozi inawasha.

Jumamosi tulikuwa msitu wa Haneti, tunakusanya kinyesi cha popo cha kupimwa virusi. Akapita mzee anachunga mbuzi. Nikamwamkia shikamoo, akanyoosha mkono. Ningempaje mkono wenye glavu, jamani? Nikaivua. Alipoondoka nikaendelea kuokota bila kuivaa tena. Mjinga mimi.

Jana mwanangu Neema akaamka anachemka. Na ndiye niliyembeba nilipofika tu nyumbani, kabla hata ya...

Leo zahanati daktari akasema, "Mtoto ana malaria." Nikacheka huku machozi yananitoka.

"Mama, umenisikia kweli?"

Nilimsikia. Nikamwomba arudie.

Dawa kameza, homa imeshuka, sasa anakoroma kama babake.