Rangi ya Kucha kwenye Nati za Nyuma

MAELEZO YA SHAHIDI

Kituo cha polisi, Juba. Jumatatu, tarehe 30 Juni 2025, saa 3:40 asubuhi.

Jina: Jethro Amukoa Lisutsa
Umri: miaka 43
Kazi: fundi wa magari (springi na shokabsoba)
Uraia na makazi: Mkenya, anaishi Atlabara, Juba
Lugha: Kiswahili, kwa ombi la shahidi
Kuhusu: kupinduka kwa pikapu nyeupe na kifo cha dereva Fred Taban

Nimekuja kwa miguu yangu. Sikuitwa. Sajini Kur, anayeandika maelezo haya, amenionya kwamba nitakayosema yataandikwa na yanaweza kutumika dhidi yangu mwenyewe. Nimemjibu kwamba hilo ndilo lililonileta.

Mimi na Waiswa Mugoya, Mganda, tuna gereji mtaa wa Kator, hapa Juba, tangu mwaka 2017. Kazi yetu kubwa ni kuinua magari. Watu wanataka pikapu zao ziwe juu kwa sababu ya barabara za mvua, na wengine wanataka tu kuonekana, hao nao tunawafanyia. Tunatoa springi na shokabsoba zilizokuja na gari, tunaweka ndefu na ngumu zaidi, halafu tunarekebisha breki na usukani mpaka gari likubali kimo chake kipya. Kufunga ni nusu ya kazi. Nusu ya pili ni kukaza, na hiyo mwenye gari haioni.

Naomba nieleze tunavyokaza, kwa sababu kesi yote iko hapo. Springi ya nyuma inashikiliwa kwenye ekseli na yubolti, yaani bolti zilizopinda kama herufi U. Kila upande una yubolti mbili, nati nne. Gari likiwa juu ya stendi unazifunga kiasi tu. Kisha unalishusha chini, unalitikisa ili springi zikae, ndipo unakaza kwa spana ya kupimia nguvu. Springi ikishabeba uzito, nati ya kufunga kiasi hulegea. Ukimaliza kukaza unachora mstari wa rangi kutoka kwenye nati hadi kwenye bolti. Siku mstari huo ukikatika unajua nati imezunguka. Baada ya wiki gari linarudi, tunakaza mara ya pili.

Sheria yetu ni moja: hakuna rangi kabla gari halijagusa ardhi na kukazwa. Sheria hiyo niliitunga mimi. Waiswa alipokuja kwangu alikuwa hajui hata kushika spana ya kupimia, nikamfundisha, na tangu siku hiyo sijamwona akiivunja.

Kila mmoja ana rangi yake ili ijulikane nani alikaza nini. Mimi natumia ile nyeupe ya kufutia makosa ya kalamu. Waiswa anatumia rangi ya kucha, nyekundu, ya mke wake Erina. Mafundi wote wa Kator wanaijua. Wakiona nyekundu chini ya gari wanasema bibi harusi amepita hapa, na Waiswa hucheka kuliko wote.

Mnamo tarehe 12 Juni 2025, siku ya Alhamisi, saa mbili asubuhi, tulianza kazi kwenye pikapu nyeupe ya Mama Batula, mwenye duka la jumla Malakia. Alitaka iinuliwe inchi mbili, maana ilikuwa inasafirisha mizigo mji wa Torit na mvua zilikuwa zimeshaanza kuharibu barabara. Dereva wake, Fred Taban, alishinda nasi. Fred alikuwa rafiki, alikuwa akila nasi hata siku ambazo hana gari la kutengeneza. Kila baada ya muda alikuwa anakwenda kusimama kando ya pikapu kupima tairi limefika wapi kwenye paja lake, anarudi ametabasamu.

Siku hiyo Waiswa alikuwa na malaria. Nilimwambia arudi nyumbani, akakataa kuniachia kazi peke yangu. Yeye alifanya mbele, mimi nikafanya nyuma. Alikuwa anafanya kidogo, anajilaza kwenye kipande cha boksi, anaamka tena. Kufika saa sita alikuwa anatetemeka na jua lote lile.

Saa saba na dakika ishirini mchana Mama Batula alinipigia simu. Magari ya Torit yalikuwa yanatoka kwa msafara saa nane, na barabara ile hakuna mwenye akili anayependa kuipita peke yake. Aliniambia, "Jethro, msafara haunijui mimi. Gari itoke." Sikumlaumu na simlaumu leo. Mbele kulikuwa kumekamilika. Nyuma gari lilikuwa bado juu ya stendi, na nati zangu nane nilikuwa nimezifunga kiasi tu.

Kukaza vizuri kungechukua dakika arobaini. Methali ya haraka na baraka nimeijua tangu darasa la kwanza, haikunisaidia kitu. Nilijiambia Torit si mbali. Nilijiambia Fred atarudi Jumatatu nizikaze zote kwa nafasi. Lakini Fred alikuwa hapandi gari kutoka kwetu bila kuinama kuangalia rangi, hilo nililijua vizuri. Nikatafuta ile nyeupe yangu, ilikuwa imekauka chupani. Chupa ya Waiswa ilikuwa juu ya sanduku la vifaa. Waiswa alikuwa amelala kwenye boksi, amejifunika koti. Nikaichukua, nikaingia chini ya gari, nikachora mistari minane myekundu kwenye nati ambazo hazijakazwa. Spana ya kupimia haikutoka ndani ya kasha lake.

Nikalishusha gari. Fred akainama nyuma, akaangalia kushoto, akaangalia kulia. Akaniuliza, "Umekaza?" Nikamwambia, "Si unaona rangi?" Akanipiga begani, akawasha gari. Ilikuwa saa nane kasoro dakika kumi.

Waiswa aliamka saa tisa. Akauliza kama gari limetoka, nikasema ndiyo. Akasema khalas, yaani basi, akalala tena. Chupa nilikuwa nimeirudisha mahali pake.

Mnamo tarehe 13 Juni, siku ya Ijumaa, saa tano asubuhi, Mama Batula alipiga simu tena. Magari yalikuwa yamelala njiani kwa sababu ya matope, na walipoondoka asubuhi, karibu na Lirya, kwenye mteremko, pikapu iliacha barabara ikapinduka mara mbili. Waliokuwa nyuma yake walisema magurudumu ya nyuma yalikwenda upande wake na ya mbele upande wake. Fred alifia pale pale. Mama Batula hakupaza sauti. Aliuliza tu kama mimi ninajua nyumbani kwa wazazi wa Fred ni wapi, kwa sababu yeye hajui.

Mnamo tarehe 16 Juni, siku ya Jumatatu, saa nne asubuhi, mimi na Waiswa tuliitwa hapa kituoni kuliangalia gari lililovutwa kutoka Lirya. Nati mbili za upande wa kushoto hazikuwepo. Mbili zilizobaki zilizunguka kwa vidole. Zilikuwa na rangi nyekundu, na mistari ilikuwa imekatika. Afande akauliza hii nyekundu ni ya nani.

Nilikuwa nimefungua mdomo, naapa nilikuwa nimeufungua. Waiswa akanitangulia. Alisema, "Nyekundu ni yangu." Akaulizwa kama anakumbuka kuzikaza. Akasema, "Mimi ilikuwa na malaria, afande. Sikumbuki. Lakini kama iko nyekundu, ni mimi." Kisha akanigeukia akasema, "Malesh, mwalimu." Aliniomba msamaha mimi. Nikaufunga mdomo. Wakamchukua, na kesho yake akaweka sahihi kwenye maelezo yake.

Nimeulizwa na Sajini Kur kwa nini nilinyamaza siku kumi na nne. Niliogopa kufungwa. Nimetafuta sababu nyingine iliyo nzuri kuliko hiyo, sijaipata.

Erina, mke wa Waiswa, analeta chakula hapa kila siku. Anapita gerejini kwanza, kwa sababu anadhani mimi ndiye mtu wao hapa Juba. Jana, tarehe 29, saa kumi jioni, alikuja kuchukua shati la mume wake. Aliniuliza, "Shemeji, wewe ulikuwa pale. Waiswa alikaza ama alisahau?" Nikasema sijui. Akaniambia hiyo chupa yeye ndiye aliyempa Waiswa, na kwamba laiti angempa rangi isiyo na mwenyewe, pengine watu wasingemjua. Alikuwa anajilaumu kwa sababu ya rangi ya kucha. Kucha zake mwenyewe zilikuwa tupu, hazina rangi. Nilimsindikiza mpaka barabarani, nikarudi nikakaa chini pale penye boksi la Waiswa, na sikuweza kulala mpaka kukakucha. Mficha maradhi kilio humuumbua, na kilio chenyewe nimekisababisha kwenye nyumba ya mtu.

Kwa hiyo nasema: nati za nyuma zilikuwa zangu. Rangi ilikuwa ya Waiswa, mkono ulikuwa wangu. Fred aliuliza, nami nikamdanganya. Naomba Waiswa atolewe leo na mimi nikae mahali pake. Spana ya kupimia nimekuja nayo, iko mezani.

Nimesomewa niliyoyasema, hakuna neno la kuongeza wala la kupunguza.

Sahihi ya shahidi: J. A. Lisutsa

MAANDISHI YA AFISA: Maelezo haya yameandikwa nami, Sajini Kur Majok, na kusomwa kwa shahidi. Saa 5:15 asubuhi nimeyasoma pia kwa mtuhumiwa Waiswa Mugoya mahabusu. Amesikiliza mpaka mwisho. Amejibu: "Huyu anataka kunibebea kesi, afande. Yeye hawezi kupaka kabla ya kukaza. Ndiye alinifundisha." Amekataa kubadili maelezo yake ya tarehe 17, ambayo yalikwisha kupelekwa kwa mwendesha mashtaka. Mama Batula ameulizwa kwa simu, anasema siku hiyo hakufika gerejini. Mwingine aliyekuwepo ni marehemu. Spana haina alama yoyote ya kuthibitisha, imerudishwa kwa mwenyewe. Maelezo yameambatanishwa kwenye faili kama ya rafiki wa mtuhumiwa, si ya kukiri kosa. Shahidi ameambiwa yuko huru kwenda nyumbani. Ameambiwa tena saa 7:00 mchana. Saa 10:00 jioni mke wa mtuhumiwa amefika na chakula, amemkuta shahidi bado kwenye benchi, amemgawia.