Kitunga cha Fromaji Ndani ya Ndege ya Mume Wangu

Mama Victorine, mshauri wetu wa redio, nakuandikia nikiwa na furaha mpaka kalamu inanitetemeka mkononi, na ndani ya furaha hiyo kumeingia jambo linalonitia hofu, kwa hiyo naomba msaada wako, na tafadhali unisome mpaka mwisho kabla ya kunigombeza.

Mimi ni binti wa wakulima wa maharagwe wa Burungu, huko Masisi, nilimaliza sekondari Kitchanga, na mwezi huu nimefunga ndoa kanisani na Symphorien, rubani wa ndege ndogo inayobeba watu na mizigo kutoka Goma mpaka Walikale. Mama, nitakueleza nini? Ana shati jeupe lenye mistari ya dhahabu mabegani, mimi ndiye ninayelipiga pasi, na akilivaa nasahau hata chai niliyoacha jikoni. Anaongea polepole, hacheki ovyo, lakini akinitazama mimi anacheka kwa macho. Wenzangu wananiuliza kama siogopi kuolewa na mtu wa mawinguni, nami nawajibu kwamba hata mimi tangu nimpate miguu yangu haigusi chini.

Sasa, mama mkwe wangu, Mama Emérita, anaishi Walikale, na ilibidi niende kumsalimia kwa mara ya kwanza kama mke. Kampuni ikanipa kiti ndani ya ndege ya Symphorien. Kwetu bibi-arusi hafiki kwa mama mkwe mikono mitupu, na kitunga anachopeleka hakifunuliwi wala hakipimwi njiani, kwa sababu ukikipima mbele ya waliokitoa ni kama unawaambia wametoa kidogo. Mashangazi zangu walikuja mpaka uwanjani Goma na kitunga kilichofunikwa kitenge kipya, ndani fromaji za Masisi, jibini ya maziwa ya ng'ombe wetu, zimepangwa juu ya viazi na maharagwe, na wanawake wawili ndio waliokibeba. Papa Tuyizere, anayepima mizigo, alinipima mimi, akapima valizi yangu, kisha akauliza, "Mama bibi-arusi, na ile kitunga?"

"Iko manguo yangu ya ndoa tu, papa."

"Ata manguo iko na kilo, mama!" akacheka, na mara akaitwa kwenye mzigo mwingine. Mashangazi walikuwa wananitazama. Nikaona aibu kuwavunjia heshima, nikakiingiza kitunga nyuma ya kiti changu wakati Symphorien anaizunguka ndege yake akiikagua upande wa pili. Sikumwambia.

Mama, safari ile! Tuliruka, nikaiona Masisi yote kama kitenge kilichotandikwa, ng'ombe wadogo kama punje za mahindi, nikaonyesha kila bati linalong'aa nikisema lile ni la baba, na mume wangu mbele yangu ameshika ndege nzima kwa mikono ile ile inayonishika mimi. Kisha milima ikaisha na msitu ukaanza. Tulipotua, ndege ilikimbia, ikakimbia, ikasimama karibu kabisa na majani ya mwisho wa kiwanja. Mimi nikapiga makofi. Symphorien akajifuta jasho, akasema, "Leo avion iko muzito. Ao njo miye nimechoka na arusi."

Hapo akatokea papa mmoja mwenye jile, kizibao cha rangi ya machungwa. "Bonjour, komanda. Niko inspekteri wa avion, jina yangu Evode. Naomba leseni yako, kibali ya munganga na makaratasi ya avion."

"Nitakupatia yote, papa," mume wangu akajibu. "Unionyeshe kwanza karte yako, tafazali."

Mama, wewe unajua barabara zetu. Kutoka Kitchanga mpaka Sake nimepita bariere nyingi za wanaosimamisha magari na kudai chochote, tangu utoto, na sijawahi kuona mtu akimwomba kitambulisho yule anayemsimamisha! Lakini papa yule akaitoa kadi yake bila kukasirika. Symphorien akaisoma, akampa makaratasi. Akataka kuingia ndani, Symphorien akamwambia, "Acha kwanza bantu bashuke, helisi iache kuzunguka, kisha utaingia." Nikasema moyoni, Yesu wangu, mume wangu anamchokoza, leo wananifunga kabla sijamaliza mwezi wa asali. Nikafanya kile ambacho mama yangu hufanya siku zote kwenye bariere. Nilifunua kitunga, nikachukua fromaji moja nzuri ya mviringo, nikashuka mbio.

"Papa chef, hatuna ubaya, tulioana juzi tu, pokea fromaji ya kwetu utuachilie."

Watu wa pikipiki waliokuwa wanangoja abiria walipasuka kwa kicheko. "Eeh! Bibi-arusi anafikiri iko ku bariere!" Mwingine akapaza sauti, "Papa inspekteri, ukiikataa, utupatie siye!"

Papa Evode hakucheka. Alirudisha mikono nyuma kama fromaji inachoma. "Mama, rudisha iyo mahali umeitosha." Akachungulia ndani, akaona kitenge kimefunuka. "Komanda, ile kitunga iko kwa karatasi ya muzigo?"

Symphorien akanitazama mimi, akatazama kitunga, akatazama majani pale ndege iliposimama. "Hapana, papa. Haiko."

Papa Evode akaandika, akasoma leseni, akamrudishia, akamwambia afike ofisini Goma Ijumaa ijayo atoe maelezo. Basi. Walipeana mikono.

Nilifikiri mume wangu atanipigia kelele. Wapi! Tulipofika kwa Mama Emérita (aliyepiga vigelegele kwa fromaji zile mpaka majirani wakaja), alinivuta pembeni akanishika mashavu. "Miye njo nitabeba. Nitasema kitunga ilipimwa, njo wakasahau kuiandika. Kosa ya kuandika iko kidogo. Jina yako haitaingia mu bureau ya mutu." Mama Victorine, nililia kwa mapenzi. Nani mwingine ana mume wa namna hii?

Lakini tangu turudi Goma sina amani. Baba yangu mdogo, Karangwa, ananipigia simu akisema, "Weye umesahau umezaliwa Masisi? Mumupelekee mbuzi kwake ku nyumba, kesi inakufa. Na bwana yako asitoe tena leseni mu mukono ya mutu, ataenda nayo!" Shangazi mmoja anasema Symphorien asiende kabisa hiyo Ijumaa, kwa maana asiyekuwepo hahukumiwi. Nami nimefikiri niende peke yangu kwa Papa Evode kwa siri, nimlilie, nimwambie ni mimi. Wakimnyang'anya kazi ya kurusha ndege, atakufa akiwa hai, Mama, nimeona jinsi anavyoitazama ile ndege. Je, ana haki gani mbele ya hao wakaguzi? Na analazimika kufanya nini? Na mimi nimwache anibebee kosa kwa mapenzi yake, ao nifanye nini?

Ni mimi, bibi-arusi wa Burungu, mwenye furaha nyingi na hofu moja.

JIBU

Bibi-arusi, hongera kwa ndoa. Barua yako imetuchekesha hapa redioni mpaka tulipofika pale ndege iliposimama kwenye majani na wewe ukapiga makofi. Hapo kicheko kiliisha. Binti yangu, ulikuwa unashangilia uzito wa kitunga chako. Kiwanja kile ni kifupi, rubani anahesabu atatumia urefu gani kwa kilo alizoambiwa, na wewe ulimpa hesabu ya uongo bila yeye kujua. Mngeingia msituni wote, na heshima ya mashangazi ingeliliwa kwenye matanga. Zawadi haipimwi kama inakwenda kichwani mwa mtu. Ikipanda ndege inapimwa, na shangazi anayekupenda ataelewa ukimweleza.

Sasa kuhusu haki ulizouliza. Nimempigia simu Papa Sylvain, aliyerusha ndege miaka mingi kabla ya kustaafu. Amesema umeolewa na rubani mzuri. Kuomba kadi ya mkaguzi siyo uchokozi, ni haki yake, na mkaguzi wa kweli hakasiriki, kama ulivyoona. Kusubiri abiria washuke na helisi isimame ni haki yake na ni wajibu wake pia. Upande wa pili, akiombwa leseni, kibali cha daktari na makaratasi ya ndege, ni lazima atoe, ayaache yatazamwe. Baba yako mdogo amechanganya kutazama na kunyang'anya. Mkaguzi akitaka kubaki na leseni, hapo ndipo rubani anauliza kwa upole ni kwa sheria gani, naye apewe maandishi. Aulizwapo, ajibu kilichoulizwa, kifupi, na kiwe kweli. Akiona swali ni zito anaweza kuomba alijibu kwa maandishi, baada ya kuongea na mkuu wake wa marubani au wakili. Asisaini asichokisoma, na abaki na nakala. Mengine ayatafute kwenye sheria yenyewe na kwenye kitabu cha kampuni yake, maana mimi ni mama wa redio, siyo hakimu.

Kwa hiyo Ijumaa anakwenda. Asiyefika anaandikwa kwamba amekimbia. Mbuzi wa Karangwa abaki malishoni: mkaguzi amekwisha kukataa fromaji yako mbele ya watu, ukimpelekea mbuzi nyumbani unamtukana yeye na unamzika mume wako. Na usiende kwake kwa siri na machozi yako. Mke wa rubani anayejificha kwenda kwa mkaguzi, nani ataamini kwamba hakupeleka kitu?

Nimebakiza lile unaloliita mapenzi. Mume wako anataka kusema kitunga kilipimwa, ila "wakasahau" kuandika. Hao waliosahau ni nani, mwanangu? Ni Papa Tuyizere, hakuna mwingine. Alikuuliza, ukamdanganya, akakuambia hata nguo zina kilo, na sasa yeye ndiye atakayefukuzwa ili jina lako lisiingie ofisini. Hukuliandika hilo katika barua yako kwa sababu hukuliona, ulikuwa unalia kwa furaha. Liangalie sasa. Papa huyo naye anarudi nyumbani jioni kwa mke wake.

Tena uongo huo hautamlinda Symphorien. Pale kiwanjani alijibu neno moja la kweli, "haiko", na neno hilo ndilo mali yake yote mbele ya Papa Evode. Akiongeza hadithi juu yake, ataulizwa mizani ilisoma kilo ngapi, na hapo hana jibu. Aseme hivi: kitunga kiliingia bila mimi kujua, mke wangu alikiingiza, lakini mzigo wa ndege yangu ni wajibu wangu, na nilipaswa kutazama nyuma ya viti kabla ya kuruka. Wanaweza kumsimamisha kwa muda. Asimamishwe. Atakaa nyumbani, mtakula maharagwe ya Burungu, kisha atarudi kwenye ndege yake akiwa mtu anayeaminiwa. Rubani aliyekamatwa na uongo harudi hivyo.

Wewe chukua kalamu hiyo inayotetemeka, andika ulichofanya na ulichomjibu Papa Tuyizere, tia saini kwa jina lako kamili, bila maua na bila machozi. Leo hii akirudi kutoka kazini mpe mume wako asome. Atasema hapana, atakushika mashavu tena. Usilegee. Ijumaa mfuatane mpaka ofisini, yeye aingie na maandishi yako, wewe ukae nje, na usibebe chakula chochote, hata ndizi. Na kama atakataa kabisa kuyachukua, mwambie wazi unakokwenda, kisha uyapeleke mwenyewe kwa mkuu wa marubani, mchana, kwa mlango wa mbele, na ukitoka hapo upite kwa Papa Tuyizere umwombe msamaha.

Mama Victorine